Stelingi ni nani? Watu walivyoipokea muvi ya Idi Amin

Mi kazi yangu ni kuhariri filamu, nakata na kuunga picha mwaka mzima hapa Dar, na swali ninaloulizwa sana ni kwa nini muvi moja ya maisha ya kiongozi inamfanya huyu acheke, yule alie, na mwingine anyanyuke aende zake nje. Leo naeleza kwa kutumia muvi moja tu, The Last King of Scotland, ile ya 2006 ya Idi Amin, maana hiyo niliiangalia na watu ambao kwao Amin hakuwa habari ya kusoma vitabuni.

Ilikuwa Desemba, nyumbani kwetu Kyaka, mkoa wa Kagera. Wanaojua Kyaka wanajua, hapo ndipo daraja la mto Kagera lililipuliwa na majeshi ya Amin Novemba 1978, na juu kilimani kuna magofu ya kanisa mpaka leo. Nilikuwa nimebeba projekta kutoka Dar, tukatundika shuka jeupe ukutani, jenereta la jirani, watoto mbele kwenye mkeka na wazee kwenye viti nyuma. Muvi ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nikawa nasimama pembeni natafsiri kwa sauti kama wanavyofanya wale madijei wa mabanda ya video.

Sasa kwenye banda la video mtu akiingia amechelewa, hata kabla hajakaa, anauliza "stelingi yupi?", yaani mhusika mkuu ni nani. Hajali jina la muvi wala nani kaitengeneza, anataka kujua roho yake aiweke kwa nani. Ni swali la maana kuliko watu wanavyodhani, na sisi maedita tunalijibu kila siku kwa mkasi. Stelingi siyo lazima awe yule anayetajwa kwenye jina la muvi au mwenye bunduki kubwa, stelingi ni yule ambaye kamera inamsubiri. Kitu kikitokea, uso wa nani unaonyeshwa baada yake? Huyo ndo wako, utake usitake.

Na kwenye hii muvi huyo siyo Amin. Inaanzia Scotland kwa kijana wa Kizungu, Nicholas Garrigan, ndo kwanza kamaliza udaktari, anazungusha tufe la dunia chumbani kwake na kujiapiza ataenda popote kidole kitakapotua, kinatua Canada, hataki, anazungusha tena, Uganda. Kijana huyo hajawahi kuwepo duniani. Katungwa, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998, ingawa wapo wanaomwona ndani yake Bob Astles, yule Mwingereza aliyekuwa karibu sana na Amin. Kuanzia hapo kila tunachokiona cha Amin tunakiona kwa macho ya mgeni ambaye hajui chochote na anataka kupendwa.

Ndo maana watu walicheka. Nataka hili lieleweke vizuri kwa sababu nimesikia watu wakilaumu vijana eti hawana uchungu. Amin anaingia na jua, ngoma na shangwe za kijijini, anawaambia watu yeye ni mtu wa kawaida kama wao. Halafu kuna ile ya ng'ombe aliyegongwa na gari, analia kwa maumivu barabarani huku daktari akimfunga Amin mkono, kelele zinamshinda, anachomoa bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza yule ng'ombe, askari wote wamemwelekezea bunduki. Unashika pumzi. Na Amin, badala ya kukasirika, anafurahi kusikia huyu ni Mskochi, mwisho wanabadilishana mashati. Baadaye kuna sini ya usiku, Amin kaviringika kitandani anaamini amepewa sumu, kumbe tumbo limejaa gesi tu, daktari anamsaidia mpaka inatoka, kisha wote wanacheka. Hapo pale mkekani watoto waligaragara, kijana mmoja akasema "huyu mzee poa sana". Hofu ikijazwa muda mrefu halafu ikafunguliwa ghafla, mwili unacheka wenyewe, hata mi najua inavyofanyika na bado nilicheka. Watengenezaji walilitaka hilo, upende kwanza, ili baadaye ukishaona damu uanze kujiuliza ulikuwa unashangilia nini.

Ila hesabu hiyo inafanya kazi kwa mtu anayekuja na kichwa cheupe. Baba yangu mdogo alikuwa amekaa nyuma, yeye alivuka mpaka na mgambo mwanzoni mwa 1979, hakucheka hata mara moja. Mtu kama huyo ana picha zake tayari, hakuna edita aliyezikata, kwa hiyo kila sini inayopita pale ukutani yeye anaiweka pembeni ya ile aliyonayo na kuangalia kama zinalingana.

Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa Kiswahili. Forest Whitaker, aliyeigiza Amin, alijifunza Kiswahili kwa ajili ya hii kazi, akajifunza na kupiga kodiani, akaenda kuongea na ndugu zake Amin na watu waliomjua, na Oskari ya 2007 aliipata kihalali kabisa. Alipotamka maneno ya Kiswahili pale kwetu watu walipiga makofi, "anaongea kama sisi!" Wakati huohuo mama yake shemeji yangu, mzaliwa wa Masaka, alijifunika kanga mabegani akainamisha kichwa. Nilimuuliza baadaye, shikamoo mama, nimekuudhi? Akasema hapana mwanangu, ni kile Kiswahili tu. Kwao Uganda miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, ukikisikia mlangoni usiku hujui kama kutakucha. Sauti ni ile ile, ukuta ni ule ule, kwetu ni lugha ya nyumbani na kwake ni buti za askari. Mi nimefanya kazi na sauti miaka yote hii na sikuwahi kulifikiria hilo.

Malalamiko makubwa ya walioishi zama zile ni "wametudanganya", na hapa mi niko upande wao kwa sehemu. Kubana miaka sina shida nako, hakuna muvi ya maisha ya mtu isiyobana miaka, kufukuzwa kwa Wahindi 1972, wale waliopewa siku 90, kunapita haraka sana na bado naelewa. Shida yangu ni Kay, mke wa Amin. Kay alikuwepo kweli, na 1974 mwili wake ulikutwa umekatwa vipande kwenye buti la gari, na daktari aliyehusishwa naye kimapenzi, ambaye naye alikufa wakati huohuo, alikuwa Mganda. Kwenye muvi nafasi ya yule Mganda kapewa Garrigan, mtu wa kutunga. Kwa skripti inarahisisha kweli, maana stelingi wako anakuwa na dhambi ya kujibu. Lakini kuna mtu halisi kafutwa kwenye kifo chake mwenyewe, na mi hilo linaniuma kila nikiirudia, hata kama najua kabisa kwa nini walifanya hivyo.

Halafu pale Entebbe, 1976, ndege ya Wafaransa imetekwa, Garrigan ameteswa vibaya, anaokolewa na daktari mwenzake Mwafrika ambaye anamwambia aende akausimulie ulimwengu ukweli, yeye watamwamini, ni Mzungu. Daktari yule anauawa, Garrigan anapanda ndege na mateka walioachiwa. Nilipotafsiri maneno hayo pakawa kimya, kisha mwalimu mmoja mstaafu akasema "amesema kweli, na ndiyo maana inauma". Wengine wanaona hiyo ni muvi kujitetea, mi naona ni sehemu pekee ambapo inakiri imewekwa machoni mwa nani.

Ndege inapaa, yanakuja maandishi kwamba Amin alipinduliwa 1979, akafa uhamishoni Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003. Shuka likawa jeusi.

Baba mdogo akauliza, "Imeisha?"

Nikamwambia imeisha baba.

"Na vita?"

Vita haimo. Daraja letu halimo, Nyerere na "uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo" hayumo, miezi yote ile ya kutembea kwa miguu mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979 imekuwa mstari mmoja wa maandishi. Nilianza kumweleza, kwamba kamera ilikuwa ya Garrigan na Garrigan ameshaondoka, kwa hiyo muvi haina tena macho ya kuonea, akanisikiliza kwa adabu ila niliona haimsaidii.

Mama wa Masaka ndo akamgeukia. "Wewe ulifika Masaka?" Kila anayeijua ile vita anajua wanajeshi wetu walipofika Masaka walilipua majengo ya mji kulipiza ya Kagera. Baba mdogo akakaa muda. Akasema, "Nilifika, mama." Mama akasema nyumba ya kaka yake ilikuwa karibu na soko. Baba mdogo akamuuliza upande gani wa soko, mama akamwonyesha kwa mkono, akachora na barabara hapo chini kwenye vumbi kwa kidole, wakasogeza viti. Nilizima projekta nikaacha jenereta iendelee kwa ajili ya taa, wakaongea mpaka mafuta yakaisha.