Gari kuukuu kwenye koni: maneno ya gereji na ukweli wa uwanjani

Gari langu la kwanza la autokrosi lilikuja na umri wa miaka 19 na washauri saba. Wote saba walifungua boneti. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama matairi. Tangu hapo nimeyasikia maneno yale yale kwa kila anayeingia kwenye mchezo huu na gari la zamani, na mengi yanatoka kwa mafundi wazuri tu, ila ni mafundi wa barabarani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: njia inapangwa kwa koni kwenye uwanja mpana, wa lami au wa udongo, na magari yanaingia moja moja kushindana na saa. Hapa nazungumzia zaidi lami. Mzunguko mmoja kwa kawaida ni dakika moja hivi, na sehemu kubwa unaiendesha kwa gia ya pili. Ukigonga koni unaongezewa muda. Kwenye mashindano ya Solo ya SCCA (Sports Car Club of America, klabu ya mchezo wa magari) huko Marekani, koni moja ni sekunde 2. Hiyo gia ya pili ikumbuke, maana nusu ya ushauri wa gereji unaishia hapo.

“Anza na injini, mengine yatafuata”

Kwenye njia ya koni hakuna mahali pa kuitumia nguvu nyingi. Unakanyaga mafuta, unahesabu moja, mbili, na kona nyingine imefika. Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilitoka na injini ya lita 1.6 isiyofika nguvu farasi 120, na uzito usiofika tani moja. Mpaka leo gari hilo linayasumbua magari yenye nguvu maradufu, kwa kuwa linageuka upesi na halihitaji kupunguza mwendo sana kabla ya kona.

Injini ya zamani inahitaji kwanza kurudishiwa nguvu ilizozaliwa nazo. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa ya moto na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, tafuta sababu kabla hujanunua kitu chochote cha kung’aa. Kama gari lina distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, fungua uangalie vile vizito vidogo vya ndani vinavyowahisha cheche mwendo unapoongezeka. Vikikwama kwa kutu, taimingi, yaani wakati wa cheche, uliyoiweka vizuri injini ikiwa imetulia haitafika inapotakiwa injini ikikimbia. Gari litakuwa zito, na wewe utalaumu kabureta.

Kabureta nayo ina ugonjwa wake wa autokrosi. Kwenye kona ndefu ya kushoto injini inakohoa na kutaka kuzima, ukinyoosha usukani inarudi kama hakukuwa na jambo. Watu hubadilisha pampu ya mafuta. Kumbe petroli ndani ya chemba ya kabureta imesukumwa upande mmoja, na jeti (kitundu cha kupitishia petroli) imebaki kavu au mafuta yamefurika. Anza na kimo cha boya, kiwe sawasawa na kipimo cha kiwandani. Jambo hilo hilo huipata oili: taa yake ikimulika katikati ya kona, mdomo wa pampu umeachwa wazi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Kiwango kiwe kwenye alama ya juu kabisa ya kijiti, lakini kisiipite sana, kwa sababu krankishafti ikiipiga oili inageuka povu, na povu halilainishi beringi.

Ekzosi kubwa inaleta kelele, na mara nyingi inapunguza nguvu ya chini unayoihitaji unapotoka konani. Petroli ya okteni ya juu haiongezi nguvu kwenye injini isiyogonga kwa petroli ya kawaida. Basi.

“Kashata bado ziko, matairi ni mazima”

Hili nililiamini. Kashata, yaani michoro ya uso wa tairi, zilikuwa na kina kizuri, tairi linang’aa jeusi. Siku moja nikatafuta zile tarakimu nne zilizofungiwa ubavuni: 1109. Maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2009. Nikabonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuingia hata kidogo. Mpira unapozeeka unakuwa mgumu, na mpira mgumu unateleza juu ya lami badala ya kuing’ata. Ningeweza kumaliza akiba yote kwenye injini na bado nikabaki na vipande vinne vya plastiki chini ya gari.

Kama una fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua matairi. Soma kanuni kwanza, kwa kuwa madaraja mengi ya magari ya kawaida yana kikomo. Kwenye daraja la Street la SCCA, tairi lazima liwe na alama ya uchakavu (treadwear, namba ya ubavuni inayoonyesha tairi linavyodumu) isiyopungua 200.

Halafu kuna suala la upepo. Wengi hupunguza, wakijua kwamba kwenye mchanga tairi laini ndilo linalopita. Kwenye lami na kona kali, tairi lenye upepo mdogo linalala kwa ubavu, na unakuta unaendesha juu ya maandishi ya kampuni. Chukua chaki, au rangi nyeupe ya viatu, uchore mstari kutoka kwenye kashata ukishuka hadi ubavuni, sehemu tatu za kila tairi la mbele. Maliza mzunguko mmoja, shuka, chuchumaa utazame. Chaki ikifutika hadi pale bega la tairi linapoanza kuwa ubavu, upepo uko sawa. Ikifutika chini zaidi, ongeza psi 2 urudie. Ikibaki kwenye bega bila kuguswa, punguza. Mahali pazuri pa kuanzia ni kipimo cha kibandiko cha mlangoni, na psi 4 au 5 juu yake kwa matairi ya mbele. Angalia tena kila baada ya mizunguko, maana joto la tairi likipanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo unaongezeka karibu psi 1. Uliyopima asubuhi sio unayoendeshea saa sita.

“Lishushe, likaze, litashika lami”

Hapa ndipo magari mengi ya zamani yanapoharibiwa kwa nia njema.

Ni kweli gari likishuka kidogo, kitovu cha uzito kinashuka, na hilo ni jema. Lakini magari mengi madogo yana mguu wa mbele wa aina ya MacPherson: shokabu na springi juu, mkono mmoja chini. Mkono huo unatakiwa ulale sawa au uinamie nje kidogo. Ukilishusha gari mpaka mkono ukanyanyuka upande wa gurudumu, kitovu cha mlalo, yaani pointi ambayo bodi inalalia kwenye kona, kinashuka zaidi kuliko bodi yenyewe, na gari linalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla hujaligusa. Juu ya hayo, mpira wa kuzuia mguu usigonge bodi unafikiwa katikati ya kona. Ukiguswa, springi ni kama haipo tena, uzito wote unalipiga tairi ghafla, na pua ya gari inakwenda moja kwa moja kuelekea koni. Kukata springi kwa msumeno ni kubaya zaidi, kwa sababu ncha iliyokatwa haikai kwenye kikalio chake.

Kabla ya springi ngumu, lala chini ya gari. Mimi nilipanga alaimenti (mkao wa magurudumu) mara tatu na kila mara gari lilivuta upande wa kushoto. Mara ya nne nilimwomba mwenzangu akanyage breki huku mwingine akisukuma gari mbele na nyuma, nami nikiwa nimelala natazama gurudumu. Gurudumu la kushoto lilirudi nyuma upana wa kidole kabla bodi haijasogea. Bushi ya mkono wa chini ilikuwa imechanika kabisa, imebaki chuma na vumbi la mpira. Hakuna mashine ya alaimenti inayoweza kupanga kitu kinachohama. Bushi, boljointi, tai rodi na beringi za magurudumu vinatangulia, shokabu nzima zinafuata, ndipo uzungumzie kukaza.

Na shokabu usizipime kwa kubonyeza bampa tu. Shokabu iliyochoka nusu inaweza kupita mtihani huo na bado ikaliacha gari liyumbe unapogeuza kushoto, kulia, kushoto kati ya koni zilizopangwa mstari.

Alaimenti ya barabarani nayo si ya kona. Inapanga tairi lisimame wima ili lilike sawasawa. Kwenye kona bodi inalala na kulilaza tairi kwa nje, kwa hiyo sehemu ya juu ya gurudumu la mbele iingizwe ndani kidogo, nyuzi moja na nusu hadi tatu kama mguu wa gari unaruhusu. Matairi ya mbele yakifunguka kidogo sana kwa mbele, gari linaitika upesi unapogusa usukani. Ya nyuma usiyafungue. Niliwahi kufanya hivyo, nikamaliza mzunguko nikitazama nilikotoka.

“Gurudumu likinyanyuka, gari linataka kupinduka”

Inategemea. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, likiwa limekazwa nyuma, hunyanyua gurudumu la nyuma la upande wa ndani ya kona na kuendelea na safari. Volkswagen Golf za kwanza zinajulikana kwa picha hizo. Kukaza stabilaiza ya nyuma, fimbo inayopunguza kulala kwa bodi, kwenye gari la namna hiyo ni njia nzuri ya kulifanya ligeuke badala ya kung’ang’ania kwenda mbele. Gari refu na jembamba, ambalo kimo chake kinazidi upana wa kati ya magurudumu, ni habari nyingine. Hilo linaweza kukataliwa hata kabla ya kuanza, na ni haki.

“Weka diski zenye matundu”

Mzunguko wa dakika moja haupashi breki joto la kutafutiwa matundu. Tatizo la gari la zamani ni mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa tangu enzi. Yanavuta unyevu: DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kikomo chake ni 155. Badilisha mafuta, na ile mipira ya breki iliyopasuka badilisha pia. Pedali ikiwa ngumu chini ya mguu, umemaliza.

“Toa kila kitu, wepesi ndio mwendo”

Vitu visivyofungwa vitoke vyote: mazulia, jeki, spea, na hasa chupa ya maji, ambayo kwenye kona ya kwanza itajiviringisha hadi chini ya pedali ya breki. Viti na dashibodi viache kwanza. Kila unachong’oa au kubadilisha kinaweza kukuhamisha daraja, ukajikuta unapangwa na magari yaliyojengwa kwa mashindano. Kwenye Street ya SCCA, kwa mfano, shokabu unaruhusiwa kubadilisha, springi lazima zibaki za aina ya kiwandani. Wakaguzi watatikisa betri kwa mkono: ikicheza, hauingii. Watashika pia gurudumu juu na chini walivute, na watatazama kama pedali ya mafuta inarudi yenyewe.

“Gari likikamilika, muda utashuka”

Msimu wa pili nilimpa dereva mwenye miaka mingi uwanjani aendeshe gari langu, matairi yale yale, upepo ule ule, dakika kumi baada yangu. Alinipita kwa zaidi ya sekunde 3. Nilimuuliza amebadilisha nini.

“Kiti,” akasema. “Nimekisogeza mbele vidole viwili.”

Mabega yawe yameegemea kiti, mkono ukinyooka kifundo kiangukie juu ya usukani, na mguu ukikanyaga klachi hadi mwisho goti libaki limekunjika. Kisha uifunge mikanda.