Mtaro wa Barabarani Hauendi Mtamboni: Dhana Potofu Kuhusu Maji ya Georgia na Majirani Zake

Dhana ninayoisikia mno kutoka kwa wateja wangu hapa Georgia, jimbo la kusini-mashariki mwa Marekani, na ambayo imeshanichosha, ni kwamba maji yakishaingia kwenye mtaro wa barabarani hupelekwa kwenye mtambo wa kusafishia maji taka. Hayapelekwi. Katika miji mingi ya Georgia, Florida na Alabama, mabomba ya maji ya mvua na yale ya maji taka ni mifumo miwili isiyokutana: ya chooni na jikoni huenda mtamboni, ilhali ya barabarani humwagika kijitoni pamoja na kila kilichokokotwa njiani, iwe oili ya gari, mbolea ya bustani, kinyesi cha mbwa au udongo mwekundu wa maeneo ya ujenzi. Sehemu kongwe za Atlanta bado zina mabomba ya pamoja, lakini huko nako mvua kubwa yaweza kuuelemea mfumo. Anayesuuza brashi za rangi kando ya mtaro ajue kwamba anazisuuza mtoni, na kwamba Columbus, mji ulio chini ya mkondo, huchota maji yake ya kunywa katika mto Chattahoochee, unaopokea maji ya mitaro mingi ya Atlanta.

Dhana hiyo ina pacha wake: kwamba bwawa lililo nyuma ya mtaa ni pambo, au kama lina kazi, basi ni mzigo wa serikali. Mara nyingi ni mali ya chama cha wenye nyumba, na kulitunza ni juu yao. Katika bwawa hilo mna kisanduku cha zege chenye tundu dogo karibu na chini, ambalo huyaachia maji yatoke taratibu ili kijito kisifurike kwa mkupuo. Majani ya misonobari yakiliziba, bwawa hubaki limejaa, na mvua inayofuata hupita juu yake kana kwamba halipo. Lizibueni tundu hilo kila baada ya mvua kubwa. Kazi hiyo haihitaji mhandisi, na nimechoka kulipwa kuifanya.

Wapo wasemao kwamba penye mvua nyingi hapakosi maji. Atlanta hupata takriban milimita 1,250 kwa mwaka, lakini Desemba 2007, wakati wa ukame, ziwa Lanier, ambalo Atlanta hulitegemea kwa maji, lilishuka karibu mita 6 chini ya ujazo wake, maana eneo linalolilisha ni dogo. Kuchimba kisima si dawa ya kila mahali: kusini mwa Georgia kuna miamba ya chokaa iliyojaa maji, lakini chini ya Atlanta ni mwamba mgumu wenye maji katika nyufa tu. Pwani nako, uvutaji wa maji ya visima huko Savannah umeyaita maji ya chumvi chini ya Hilton Head, kisiwa cha jimbo jirani la Carolina Kusini.

Wengine huilaumu Atlanta kwa kila tone linalopungua Florida. Lakini kesi ya Florida dhidi ya Georgia iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2021, ambayo Florida ilishindwa, ilihusu zaidi umwagiliaji wa mashamba katika bonde la mto Flint, kusini-magharibi mwa Georgia.

Mwisho, bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo anayeikimbilia kimbunga kikiwa kimeshapewa jina amechelewa.