Kijimlango cha paka na baridi ya AC

Wengi Mombasa husema kuziba nyufa za kijimlango cha paka, lile tundu lenye kifuniko analopitia mlangoni, ni shughuli ya Ulaya kwenye theluji. Kwetu kuna baridi gani ya kuzuia? Ipo: ile ya AC, unayoilipia. Hewa baridi ni nzito, hushuka sakafuni, na tundu la paka liko papo hapo. Sogeza chetezo cha udi karibu nalo uone moshi unavyovutwa nje. Juu, kwenye nyufa za madirisha, huingia hewa ya pwani yenye unyevu, na AC hula umeme kuugeuza kuwa yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake.

Bandika ukanda mwembamba wa sponji kwenye fremu, na sumaku ndogo kwenye ukingo wa chini wa kifuniko. Ukanda mnene haufai: kifuniko hakirudi, na paka hugoma.