Mbuzi si dawa ya usonji, ila ana kazi yake

Magrupu ya WhatsApp ya wazazi hapa Mwanza yamejaa video za mbwa na farasi wakiwa na watoto wenye usonji. Nyingine zinatia moyo, nyingine zinauza ndoto.

"Mnyama anaponya usonji."

Haponyi. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo, na mbwa hawezi kuuondoa. (Na hausababishwi na chanjo, makala ya 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010.) Kinachoweza kusogea ni mawasiliano. Mwaka 2013 watafiti nchini Australia walichapisha matokeo ya kupeleka simbilisi madarasani: watoto wenye usonji waliongea, walitazama nyuso za watu na kucheka zaidi wakiwa na simbilisi kuliko wakiwa na vitu vya kuchezea. Marekani, mwaka 2015, watoto na vijana waliopanda farasi kwa wiki 10 walitumia maneno mengi zaidi kuliko wenzao waliofundishwa habari za farasi bila kumkaribia. Ni habari njema, ingawa tafiti nyingi za aina hii huwa na watoto wachache.

"Mwacheni na mbuzi wake, ataongea mwenyewe."

Hii husemwa sana na mabibi, na kwa upendo. Lakini mnyama humpa mtoto sababu ya kuwasiliana tu. Kazi yenyewe ni ya mtu mzima. Fikiria uani, Buhongwa. Mama amefumba matembele mkononi, mbuzi anamsukuma kwa pua. Mama hamshurutishi mtoto "sema mpe, sema mpe!" Anasubiri. Mtoto anamwangalia mbuzi, anaangalia ule mkono, mwishowe anauvuta. Hapohapo mama anaufungua na kutamka neno moja: "Mpe." Kesho wanarudia.

Kule kuuvuta mkono tayari ni kuomba. Wapo watakaofika kwenye neno, wapo watakaoonyesha picha ya mbuzi, na picha haimzuii mtoto kuongea, kama wengi wanavyoogopa. Mbuzi anasaidia kwa sababu anachotaka kinaeleweka na anakitaka vilevile kila siku; mjomba anayekuja na maswali matano kwa mpigo ni mtihani mgumu zaidi. Mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha huongeza lengo: leo kuomba, wiki ijayo kukataa, baadaye kupokezana zamu ya kulisha. Pasipo lengo, mtoto anacheza na mbuzi. Si vibaya, ila usiite tiba. Hata kuvuka kwenda kisiwa cha Saanane kuangalia swala ni matembezi mazuri tu.

"Lazima awe mbwa wa kizungu, au pomboo."

Pomboo hawapo ziwani kwetu na hatujapungukiwa kitu: tiba hiyo ni ghali, na wanasayansi wameikosoa kwa ushahidi hafifu. Sungura, kuku aliyezoea watu au ndama mpole anatosha, mikono ikinawiwa baadaye. Mtoto anayeziba masikio bata akilia, au asiyetaka kugusa manyoya, asilazimishwe.

"Mbwa wa mtaani tunamjua, hana shida."

Hapa sina utani. Kichaa cha mbwa kipo Tanzania, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa asiyechanjwa asikaribie mtoto kwa jina la tiba. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya kila mwaka. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo akachanjwe, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Na kwa kuwa asiyeongea huenda asikuambie kilichompata, mkague mikono na miguu kila anapotoka kucheza na mbwa.