Titresheni ya pamanganeti: kwa nini jibu hupanda au kushuka

Mwanafunzi wa PCB, PCM au CBG, michepuo yenye kemia, hamalizi kidato cha sita bila kukutana na titresheni ya potasiamu pamanganeti na asidi ya oksaliki: unadondosha pamanganeti kwenye asidi iliyopimwa hadi mmenyuko ukamilike, kisha ujazo uliotumika unakupa ukali wa asidi. Hesabu yake ni fupi. Kinachowaangusha wengi ni yale wanayoyafanya mezani kabla ya kushika kalamu, na karibu kila kosa lina upande wake: lipo linalopandisha ujazo huo wa pamanganeti, lipo linaloushusha.

Tuanze na kuosha vyombo. Bureti, mrija wenye koki unaodondosha, isuuzwe kwa pamanganeti yenyewe; pipeti, mrija wa kupimia ujazo mmoja maalumu, kwa asidi ya oksaliki. Maji yakibaki kwenye bureti, pamanganeti inazimuliwa na utatumia nyingi kuliko inavyotakiwa. Yakibaki kwenye pipeti, asidi inapungua na ujazo unashuka. Flaski ya koni ni kinyume: isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa tu, kwa sababu mabaki ya asidi humo yanaongeza moli (kipimo cha idadi ya chembe) ambazo hukuzipima, ilhali maji hayabadilishi idadi ya moli. Nyonya kwa kinyonyeo cha mpira, si kwa mdomo. Asidi ya oksaliki ni sumu. Na tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti usilipulize, kwani kiwanda kilishalihesabu.

Kwenye 25 sm³ za asidi ya oksaliki ongeza 20 sm³ za asidi salfuriki ya 1 M, yaani moli 1 kwa lita. Watu huuliza kwa nini isiwe asidi nyingine. Hidrokloriki huoksidishwa na pamanganeti na kutoa klorini, hivyo ujazo unapanda. Nitriki yenyewe ni kioksidishaji, inakusaidia kazi usiyoiomba. Salfuriki ikiwa kidogo mno, utaona rangi ya kahawia kwenye flaski. Hiyo ni manganizi dioksaidi: kila ayoni ya pamanganeti imepokea elektroni 3 badala ya 5. Ukiiona kahawia hiyo, mwaga uanze upya. Hakuna hesabu ya kuiokoa.

Pasha moto mchanganyiko hadi kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi, usiuache uchemke. Matone ya kwanza huchelewa kupoteza rangi, na hapo ndipo wengi hudhani wamefika mwisho kwenye 0.50 sm³. Subiri, huku ukitikisa. Ayoni za manganizi zinazozaliwa ndizo zinazoharakisha mmenyuko, hivyo matone yanayofuata hupotea mara moja. Flaski ikipoa katikati ya kazi, mmenyuko unalegea, rangi inabaki mapema na ujazo unatoka mdogo. Irudishe kwenye moto. Kiashiria hakihitajiki. Mwisho ni waridi hafifu linalodumu kwa sekunde 30. Likififia baadaye, usiongeze tone.

Pamanganeti ni nzito kwa rangi, mpindo wa chini wa uso wa kimiminika hauonekani vizuri, kwa hiyo soma ukingo wa juu mwanzo na mwisho. Toa faneli kabla ya kusoma, na hakikisha hakuna kiputo cha hewa chini ya koki. Andika desimali mbili, ya mwisho ikiwa 0 au 5: 24.95, si 24.9 wala 24.93. Tuseme jaribio la awali limetoa 25.60, na yaliyofuata 25.00, 24.95 na 25.05. La awali haliingii kwenye wastani, ambao ni 25.00 sm³.

Sasa hesabu. Moli 2 za pamanganeti humenyuka na moli 5 za asidi ya oksaliki. Pamanganeti ya 0.02 M katika 25.00 sm³ ni moli 0.0005, zidisha kwa 5, gawa kwa 2, unapata moli 0.00125 za asidi. Zikiwa ndani ya 25 sm³, molariti, yaani moli kwa lita, ni 0.05. Kwa lita moja hiyo ni gramu 6.3 za fuwele, kwa sababu kila molekuli ya asidi hubeba molekuli 2 za maji na moli moja ina uzito wa gramu 126. Anayesahau maji hayo hutumia 90 na kupata gramu 4.5. Swali likimpa gramu 6.3 kwa lita, atapata 0.07 M na kuanza kuilaumu bureti.

Ukimaliza, usiiache pamanganeti ilale kwenye bureti. Doa la kahawia likishaganda kwenye kioo, maji hayalitoi. Suuza kwa asidi ya oksaliki yenye salfuriki kidogo, kisha maji.