Je, wajua? Kwa nini ugomvi wa Apple na Samsung huandikwa kama mechi ya watani wa jadi

Tarehe 24 Agosti 2012, jopo la waamuzi raia mjini San Jose, California, liliamua kuwa Samsung ilikiuka hataza (haki za uvumbuzi) za Apple na ilipe dola bilioni 1.05. Habari zilizofuata zilisomeka kama matokeo ya Simba na Yanga: nani kapigwa, kwa ngapi. Vichwa vingi vya habari viliruka jambo moja: iPhone 4S, iliyokuwa madukani siku hiyo, ilitumia chipu kuu iliyotengenezwa na Samsung.

Inakuwaje nusu ya habari ipotee hivyo? Kesi ni rahisi kuandika. Hati ya madai iko wazi kwa yeyote, ina mlalamikaji, mlalamikiwa, tarehe na kiasi cha fedha, na siku ya hukumu inajulikana mapema. Mkataba wa kuuziana chipu ni siri. Hauna siku ya hukumu, hauna picha, na wanaoujua wamefungwa mdomo kisheria. Mwandishi mwenye saa 2 kabla gazeti halijaenda mitamboni ataandika kile anachoweza kukithibitisha, na hicho huwa ni ugomvi.

Tena jina "Samsung" linaficha mengi. Kitengo cha simu ndicho kilichokuwa kikivutana na Apple, wakati vitengo vingine vya kundi hilohilo viliiuzia vipuri. iPhone X ilipotoka mwaka 2017, kioo chake cha OLED, yaani skrini yake, kilitoka Samsung Display, kitengo cha skrini cha Samsung, na kesi ilikuwa bado haijaisha.

Kampuni zenyewe huchochea moto. Kuanzia mwaka 2011 matangazo ya Samsung yaliwatania watu waliopanga foleni kusubiri iPhone. Apple nayo, kati ya 2006 na 2009, iliwaweka waigizaji wawili mbele ya kamera, mmoja akiwa Mac, kompyuta ya Apple, na mwenzake PC, kompyuta za wapinzani wake, tangazo baada ya tangazo. Ukishapewa wahusika wawili walio tayari, hadithi inajiandika.

Kosa baya zaidi la habari hizi, kwa maoni yetu, ni kuichukulia hukumu ya kwanza kama fedha zilizokwisha kulipwa. Fuata ile bilioni 1.05 uone. Machi 2013 Jaji Lucy Koh alifuta takriban dola milioni 450 kwa sababu jopo lilikosea hesabu, akaagiza sehemu hiyo isikilizwe upya. Novemba jopo jingine likaipa Apple milioni 290 kwa sehemu hiyo. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikapunguza tena, na Desemba Samsung ikalipa milioni 548. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikairudisha sehemu ya fidia kwenye mahakama ya chini, Mei 2018 jopo likataja milioni 539, na Juni pande mbili zikapatana kwa masharti yasiyotangazwa. Ilikuwa imepita miaka 7 tangu kesi ifunguliwe Aprili 2011, na waliosoma kichwa cha habari kimoja tu walibaki na ile bilioni.

Hapo ndipo uvumi ulipopata nafasi. Mwaka 2012 ulisambaa uzushi kwamba Samsung ilimlipa mshindi wake kwa malori 30 ya sarafu za senti 5. Kuupima kunahitaji kalamu tu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 5. Dola bilioni 1 ni sarafu bilioni 20, yaani tani 100,000. Gawanya kwa 30: kila lori lingebeba tani zaidi ya 3,300, ilhali kikomo cha kawaida kwenye barabara kuu za Marekani ni kama tani 36, gari na mzigo wake pamoja. Isitoshe, wakati huo hakuna malipo yaliyokuwa yamefika siku yake.

Google na Apple nao huandikwa kama mahasimu wa simu, Android dhidi ya iPhone. Lakini mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili Google iwe injini ya utafutaji iliyowekwa tayari ndani ya Safari, kivinjari cha Apple. Takwimu hiyo ilijulikana mwaka 2024, tena kupitia nyaraka za kesi ambayo serikali ya Marekani iliifungulia Google.