Je, wajua kwa nini mataifa hasimu yaligawana barafu moja?

Tazama bonge la barafu la kuhifadhia migebuka pale Kibirizi, Kigoma. Katikati yake kuna weupe. Ule ni hewa, imenaswa maji yalipokuwa yanaganda. Barafu ya ncha za dunia nayo ina hewa ndani, ila yenyewe hainaswi kwa friji. Theluji inaanguka na haiyeyuki, ya mwaka huu inailalia ya mwaka jana, na uzito wa juu unaikandamiza ya chini hadi nafasi zote zinafungwa. Kiputo kilichofungwa hivyo hubaki na hewa ya enzi hizo, hata kama zimepita miaka laki moja.

Mwanasayansi Mfaransa Claude Lorius aliling'amua hilo Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini, mwaka 1965, alipotia vipande vya barafu kongwe kwenye glasi ya wiski na kuona viputo vikipasuka. Wengine wangekunywa tu wakalala.

Sasa, kuitoa barafu hiyo chini ni shughuli. Bomba lenye meno mwishoni linashushwa kwa waya, linakata mita chache, linapandishwa, kipande kinatolewa, linashushwa tena. Kazi ni hiyo hiyo miaka na miaka. Shimo lazima lijazwe mafuta, Warusi walitumia mafuta ya taa, la sivyo barafu ya pembeni inalibana likajifunga, na bomba linabaki humo humo.

Shimo maarufu kuliko yote lilikuwa Vostok, kituo cha Wasovieti katikati ya Antaktika, ambako tarehe 21 Julai 1983 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Wasovieti walikuwa na shimo na mafundi wa kutoboa. Wafaransa walikuwa na maabara Grenoble ya kupima hewa ya kwenye viputo. Wamarekani walikuwa na ndege kubwa zinazotua juu ya theluji. Mwaka 1984, mwaka ule ule Wasovieti walipogoma kwenda Olimpiki ya Los Angeles, Lorius alifika Vostok kwa ndege ya Wamarekani, na barafu ya Wasovieti ikasafirishwa kwenda kupimwa Ufaransa. Matokeo yalitoka mwaka 1987: kwa takriban miaka 160,000, joto na hewa ya kaboni dayoksaidi vilikuwa vikipanda na kushuka pamoja.

Kilichowawezesha ni Mkataba wa Antaktika, uliosainiwa na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959. Kutoka Afrika ilikuwa Afrika Kusini peke yake. Nchi saba kati ya hizo zilikuwa zinadai vipande vya bara hilo, na baadhi yake zilidai kipande kile kile. Ujanja wa mkataba ni kwamba haukumlazimisha yeyote kufuta dai lake wala kulikubali la mwenzake. Madai yaliachwa yalivyo, hakuna kuyapanua, hakuna mapya. Shughuli za kijeshi zikapigwa marufuku, wakaguzi wa nchi wanachama wakaruhusiwa kuingia kituo chochote wakati wowote, na matokeo ya utafiti yakatakiwa kubadilishanwa waziwazi.

Lakini mkataba, kwa maoni yangu, unaeleza nusu tu. Greenland, kisiwa cha barafu kule kaskazini ya mbali, haimo katika mkataba huo, na bado wanasayansi walishirikiana huko kwa sababu nyingine kabisa: hakuna anayeliamini shimo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa Ulaya walitoboa moja, Wamarekani wakatoboa lingine umbali wa kilomita 28 hivi, yote yakiwa na kina cha kilomita tatu. Walipolinganisha, tabaka zilifuatana vizuri karibu njia nzima, halafu zikaanza kupishana karibu na mwamba. Barafu ya chini kabisa ilikuwa imejikunja. Mwenye shimo moja angeisoma historia iliyovurugika akadhani ni ya kweli.

Na huku kwetu? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini hayana oksijeni. Hakuna minyoo wala kaa wa kuchakura matope huko, hivyo tabaka hutulia zilivyoshuka. Matope yaliyovutwa karibu na Kalya, kusini mwa mkoa wa Kigoma, yalitoa taarifa ya miaka 60,000 iliyochapishwa mwaka 2008. Watafiti walipima, pamoja na mengine, mabaki ya nta ya majani ya mimea ya nchi kavu yaliyosombwa hadi ziwani, maana nta hiyo hutunza alama ya mvua iliyounywesha mmea.

Vipindi vikali vya ukame vilivyojitokeza kwenye matope hayo vilikwenda sambamba na nyakati ambapo Atlantiki ya Kaskazini ilipoa ghafla, baridi ile ile iliyoandikwa kwenye barafu ya Greenland. Matope ya Kalya yakiwa peke yake yangesema kulikuwa na ukame, basi. Barafu nayo isingeweza kusema lolote kuhusu mvua ya Uvinza. Vipimo vya mashimo yale mawili ya Greenland viko wazi kwa yeyote, na anayesoma matope ya Kalya anaviweka pembeni ya vyake, tabaka kwa tabaka, bila kuomba ruhusa ya mtu.